Mama wa Redio Ana Mafua

4 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Acha nilitoe hili kwanza, maana nikianza na salamu ndefu ujasiri utaniishia njiani: kuna walinzi zaidi ya thelathini wanaoamini kwamba mimi ni mama wa makamo mwenye mafua.

Sijamwambia mtu yeyote. Mjomba hajui, na wao wenyewe hawajui. Unajua wewe tu, tangu mstari ule wa kwanza.

Ilianza hivi. Nilipomaliza shule ukanileta kwa Mjomba, alinipa kazi za ofisini: kufagia, chai, kupanga mafaili. Upande wa pili wa ukuta ni chumba cha mawasiliano, kidogo kama stoo yako ya vitambaa. Kina meza, redio ya upepo, na ramani ya malindo yote ukutani. Hapo alikaa Mama wa Redio kwa miaka mingi. Kila saa aliita lindo moja moja, la duka la dawa, la shule, la ghala la mbolea na mengine, kuuliza kama walinzi wako salama. Mwezi wa kwanza binti yake akajifungua mapacha, akaenda kumsaidia. Mjomba akaniambia, "Kaa hapo siku mbili tatu, natafuta mtu." Nadhani alisahau kutafuta. Anasikia redio ikikoroma ng'ambo ya ukuta, moyo wake unatulia.

Asubuhi ile ya kwanza nilibonyeza kitufe, na kwa woga sauti ikatoka nzito kama uji uliokaa. Mlinzi wa ghala akajibu, "Shikamoo, Mama. Mbona sauti imebadilika?"

Nikasema, "Mafua, mwanangu."

Shangazi, nilimwita mwanangu mtu mwenye masharubu.

Ningeweza kumsahihisha siku hiyo hiyo, ila niligundua jambo. Mbele ya watu unajua nilivyo, ulimi unanata kama gundi. Kwenye redio hakuna anayenitazama. Ninaongea, na maneno yanakuja yenyewe, yamejipanga. Siwaulizi tu kama wako salama, kwa sababu hata mtu anayesinzia anaweza kusema yuko salama. Nawauliza wanaona nini. "Gari lililoegeshwa mbele ya duka ni la rangi gani? Dirisha la jirani limefunguliwa?" Mwanzoni walinung'unika. Siku hizi nikichelewa kuwauliza wananikumbusha.

Redio ina chaneli mbili. Ya kwanza ni ya wote. Ya pili ni ya mazungumzo marefu, na kwa adabu ya kampuni, wawili wakihamia huko wengine hawafuati. Mlinzi wa ghala alinihamishia namba mbili kunieleza ugomvi wake na mkewe. Ijumaa akaja ofisini kwenye gwaride, akaniona na ufagio, akasema, "Binti, hebu lete maji." Nikaleta. Nilikuwa najua yeye ndiye mwenye makosa na ameshaomba radhi, kwa sababu nilimwambia mimi mwenyewe aombe.

Sasa shida. Serikali imeamua kila kampuni binafsi ya ulinzi iwe na leseni. Mkaguzi anakuja mwanzoni mwa mwezi wa nne. Anataka ofisi yenye mlango wake na bango lake, bima ya walinzi, mafunzo yaliyoidhinishwa, na kila mfanyakazi awe amepimwa alama za vidole polisi na kuonekana hana doa. Sare zisifanane na za polisi wala za jeshi. Chumba cha mawasiliano kiwe na mtu anayejulikana kwa jina na kwa sura. Na siku hiyo wafanyakazi watasimama kwenye gwaride, kila mmoja ataje jina lake na kazi yake mbele ya wenzake. Tukikosa leseni, lango linafungwa na walinzi wote wanarudi nyumbani. Nikisimama pale nikasema kazi yangu, nitakufa nimesimama.

Kuna na jingine. Mmoja wao wanamwita Kobe. Kila siku ananiita namba mbili. Ana jambo linalomsumbua, hajamwambia mtu isipokuwa mimi, nami nalifikiria mpaka chai inapoa. Natamani sana kumsaidia.

Mjomba anakuomba ushone sare. Vipimo nimeviweka kwenye bahasha ya pili. Usimwambie mtu nilichoandika.

Wako,
Sindano


9 Machi

Sindano wangu,

Marahaba. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Dereva wa basi aliyeleta kifurushi aliniuliza kama kuna msiba.

Nianze na mafua. Mafua ya wiki moja ni mafua. Mafua ya miezi miwili ni kifua kikuu, na hao walinzi wasipokuletea dawa leo watakuletea kesho. Uongo wenyewe ni mdogo, sikatai, lakini uongo ni kama mtoto wa ng'ombe: unaubeba leo ukiwa mwepesi, kesho unakubeba wewe.

Hata hivyo nimecheka. Wewe, ambaye mteja akiingia dukani ulikuwa unajificha nyuma ya cherehani. Leo unamwamuru mtu na masharubu yake akaombe radhi kwa mke wake. Nimeziambia mashine zangu, maana hizo hazina mdomo.

Sasa nieleze kuhusu huyo Kobe. Nieleze vizuri na usinizungushe. Ana umri gani? Ameoa? Mwanamume anayemletea msichana huzuni yake kila siku, na kila siku chai inapoa, mimi nimewaona wengi. Huanza na "nina jambo linanisumbua," akaishia kula kwenu. Kama ni mtu mzuri, aje kwa mlango wa mbele, ajulikane. Kama si mzuri, zima hiyo chaneli ya pili. Tangu baba yako alipokuleta kwangu unatambaa, sijawahi kukukataza kitu bila sababu.

Kuhusu sare. Mjomba wako alishanitumia ujumbe kabla yako. Anataka kitambaa cha bluu iliyoiva, na mikanda mabegani, "wawe kama askari kamili." Nimeshakata mashati kumi na mbili na kuanza mabega. Wewe unaniambia zisifanane na za polisi. Nimsikilize nani sasa? Usinipigie simu, unajua sikio langu na simu haviivi chungu kimoja. Andika.

Shangazi


15 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kobe ana wajukuu wanne. Mmoja wao anasoma darasa la sita. Tafadhali, nimeona haya mpaka nikaificha barua yako ndani ya kiatu.

Wanamwita Kobe kwa sababu anatembea polepole, lakini hajawahi kuchelewa lindoni. Analinda lango la shule. Watoto wanampenda, wanamwachia viporo vya karanga. Jambo lake nakueleza wewe tu, kwa kuwa umenidhania vibaya na sitaki umdhanie yeye.

Kabla ya ulinzi alikuwa fundi ujenzi. Alichanganya saruji kwa mikono na kupanga matofali tangu ujana. Walinzi walipopelekwa polisi kupimwa alama za vidole, za wenzake zilitoka. Zake hazikutoka. Wakamnawisha, wakajaribu tena, kioo cha mashine kikaonyesha madoa matupu kama wingu. Saruji imekula mistari yote. Askari mmoja kijana akatania, "Mzee, umejifuta vidole? Ulifanya nini?" Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Akawaambia wenzake majibu yake yamechelewa, akarudi lindoni.

Kwenye namba mbili aliniambia, "Mama, nimeishi bila kuchukua cha mtu. Leo mkono wangu unaonekana kama wa mwizi." Kisha akasema ataacha kazi kimyakimya kabla mkaguzi hajafika, asije akaiangusha kampuni nzima, kwa sababu faili la mmoja likipungua, maombi yote yanarudishwa.

Nilimwambia, "Mwanangu, usiache kazi mpaka nikwambie." Ana umri wa babu yangu.

Basi nikachukua kitabu cha kanuni kwenye rafu ya Mjomba. Hakuna aliyekifungua, kurasa zilikuwa bado zimeshikana. Nimekisoma chote. Kiko wazi: mtu ambaye vidole vyake havitoi alama kwa sababu ya kazi au ugonjwa, daktari wa serikali amwandikie cheti, polisi wamchunguze kwa jina na kwa majirani, na mwajiri amdhamini. Hakuna aibu yoyote humo. Kuna utaratibu tu. Nilipomsomea aliniomba nirudie mara mbili. Halafu akasema, "Hospitali siendi peke yangu. Nitajieleza vipi?"

Sijui kilichonipata. Nikamwambia, "Kuna binti hapa ofisini. Ni mkimya lakini anaaminika. Atakusindikiza."

Kuhusu sare, fumua mabega yote, samahani sana. Nilimwekea Mjomba ukurasa wa kanuni juu ya meza, umefunguliwa, akausoma akaguna. Jioni akazunguka mjini kutafuta rangi isiyo na mwenyewe. Bluu ya polisi, kijani ya jeshi, kaki ya magereza, nyeupe ya hospitali. Amerudi na zambarau. Walinzi wanasema watafanana na kwaya. Kitambaa kiko ndani ya kifurushi hiki. Ile bluu iliyokatwa labda itafaa sketi za shule.

Sindano


18 Machi

Kwa Shemeji fundi,

Salamu nyingi. Hapa ni mimi, Mkurugenzi. Usicheke, ndivyo kanuni zinavyotaka niitwe, na mimi mwenyewe bado nageuka nyuma kuangalia ni nani.

Nakushukuru kwa kufumua mabega. Nasikia ulinisema mpaka nyuzi zikakatika. Naomba uongeze suruali tatu kubwa kiunoni. Mlinzi wa ghala amepatana na mkewe na sasa analishwa.

Nakuandikia kwa jambo la faragha. Binti yetu ni mchapakazi, ofisi inang'aa, mafaili yamenyooka kama askari. Lakini Shemeji, kumtoa neno ni kama kung'oa msumari kwenye mbao mbichi. Namuuliza swali, anaitikia kwa nyusi. Nilimweka chumba cha redio kwa siku mbili, naye kwa upole wake hajalalamika. Sijui huwa anafanya nini humo. Nadhani walinzi hujiita na kujijibu wenyewe.

Mkaguzi atataka kumhoji msimamizi wa mawasiliano, na atataka kusikia malindo yakiitwa mbele yake. Nikimweka binti pale ataona haya mpaka azimie, na leseni itazimia naye. Siwezi kumfanyia hivyo, na siwezi kuwafanyia hivyo walinzi wangu. Kwa hiyo nimemwomba Mama wa Redio arudi siku hiyo moja, akae kwenye kiti chake, aite kama zamani. Yeye ni mzoefu. Binti nitamtuma sokoni kununua sukari, akirudi mambo yamekwisha.

Usimwambie. Sitaki ajione hafai.

Shemeji yako,
Mkurugenzi


22 Machi

Kwa Shemeji Mkurugenzi,

Sare hizo. Zambarau imekubali pasi vizuri. Anayesema ni kwaya mwambie basi aimbe.

Nina swali moja. Umewahi kusimama nje ya mlango wa chumba cha redio ukasikiliza? Fundi hupima kabla ya kukata. Simama pale, Shemeji. Zaidi ya hapo nimefungwa mdomo.

Shangazi wa binti


22 Machi

Sindano wangu,

Barua ya Mjomba wako iko mfukoni mwa shati la juu, hii yako nimeishona kwa mishono miwili ndani ya suruali kubwa. Kama umeipata, unajua kufumua.

Kuhusu Kobe, nisamehe. Mwambie, yaani Mama wa Redio amwambie, kwamba kuna fundi cherehani mahali fulani ambaye vidole vyake vina matundu ya sindano zaidi ya chujio, naye anamsalimia.

Sasa sikiliza, nami navunja ahadi kwa mkono wa kushoto huku nikiishika kwa wa kulia. Wewe umeniambia, "usimwambie mtu." Mjomba wako naye ameniambia, "usimwambie." Mimi ni fundi wa nguo, si kabati la siri za ukoo. Siku ya ukaguzi atamleta Mama wa Redio wa zamani akae kwenye kiti chako, na wewe utatumwa sukari. Anafanya kwa huruma. Anadhani husemi.

Najua ukisoma hapa moyo wako utaruka kwa furaha: umepona, hutasimama mbele ya watu. Ruhusu uruke mara moja. Kisha fikiri. Mkaguzi akijua kwamba aliyeonyeshwa si mwenye kazi, hataangalia tena bima wala bango. Na hata asipojua, kesho yake kiti ni cha nani? Mjomba wako ataajiri mtu mzima "anayesema," nawe utarudi kwenye chai.

Mimi sitamwambia. Siri ni yako, na mdomo ni wako. Lakini mwambie, mwanangu. Hata kwa karatasi kama huwezi kwa sauti.

Shangazi


29 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Moyo uliruka kama ulivyosema. Ukaruka siku nzima, halafu ukakaa chini.

Mjomba alifuata swali lako; barua yake aliiacha wazi mezani. Juzi nilikuwa naita malindo, nikaona viatu vyake chini ya mlango. Nikaacha kuita hapo hapo. Nikabaki nimeachia kitufe, yeye nje, mimi ndani, na mlinzi wa duka la dawa akisema, "Mama, upo? Leo hutaki kujua rangi ya gari?" Mjomba alisikiliza kidogo, akaondoka. Baadaye akarudi na mafuta ya mashine, akazipaka bawaba za mlango. Akaniambia, "Shangazi yako ana masikio mabovu lakini anajua mlango unaolia." Nilikuwa na karatasi mfukoni, nimeandika yote. Sikuitoa.

Lakini tulikwenda hospitali na Kobe. Hiyo ni habari njema. Tulitembea kwa mwendo wake, mimi kando yake na bahasha. Nilijaribu kusema, nikasema mambo mawili ya hali ya hewa. Daktari alikuwa mwanamke wa miaka kama yako. Aliishika mikono yake, akaigeuza kuelekea dirishani, akauliza, "Baba, umejenga nini na nini mjini hapa?" Kobe akaanza kuhesabu: ukuta wa soko, madarasa ya shule ile ile anayoilinda, na hata wodi ya wazazi ya hospitali hiyo. Daktari akasema, "Basi mwanangu alizaliwa ndani ya kuta zako." Akaandika cheti. Polisi nao, yule kijana hakuwepo, alikuwepo mkuu wake, wakapokea bila neno. Kobe alimweleza Mjomba mwenyewe, na Mjomba akasaini udhamini huku akimlaumu kwa kuchelewa kusema.

Njiani kurudi alikuwa anatembea karibu haraka. Akaniambia, "Binti, nikupe ushauri?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wewe ni mtoto mzuri, lakini huongei. Kaa karibu na Mama wa Redio, ujifunze. Yule mama anajua kumsemesha mtu. Hakufokei, hakubembelezi. Ukimaliza kuongea naye unajiona una akili."

Shangazi, ningefanya nini? Nilitazama viatu vyangu. Akadhani nimechukia, akaninunulia karanga.

Ukaguzi ni wiki ijayo. Nimepanga kumwambia Mjomba kesho.

Sindano


7 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sikumwambia. Kesho ilikuja ikapita, na nyingine pia. Sasa kaa chini nikueleze, na uiambie mashine yako isubiri.

Mkaguzi alikuja asubuhi. Ni mwanamume mwembamba mwenye kalamu mbili, moja ya kuandika na moja ya kuelekezea. Nusu ya walinzi walikuwa uani na zambarau zao, nusu walibaki malindoni kwa sababu kazi haisimami. Alipima urefu wa bango. Alisoma bima. Alipofika kwenye faili la Kobe alisimama, kisha akaguna, akaweka alama ya vema.

Mama wa Redio mwenyewe alifika na mkoba wake, mnene, mchangamfu, ana harufu ya poda ya watoto. Mjomba akanipa hela ya sukari. Niliichukua. Nilifika mpaka mlango wa nje, nikaona Kobe kwenye mstari wa mbele, amenyoosha mgongo. Miguu ikakataa kwenda sokoni. Nikarudi nikasimama kwenye korido, nyuma ya Mjomba.

Dirisha la chumba cha redio lilikuwa wazi kuelekea uani, na walinzi wa gwaride walikuwa wanasikia kila kitu. Mkaguzi akasema, "Ita malindo yako yote." Mama akakaa, akajiweka sawa, akabonyeza. "Ghala, ghala, uko salama?"

Kimya.

Akarudia. Mlinzi wa ghala akajibu taratibu, "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Mama wa Redio."

"Hapana," akasema. "Mama namjua. Wewe ni nani, na umeingiaje kwenye redio yetu?"

Mjomba akacheka kidogo, kicheko kile cha kikohozi. Mama akaita duka la dawa. Kimya. Akaita shule, akaita benki ndogo ya ushirika. Kimya, kimya. Kwenye mafunzo mapya wamefundishwa: sauti usiyoijua, usiipe habari za lindo. Walinzi wote waliifuata kanuni barabara, Shangazi, wakamkatalia Mama wa Redio wa kweli, aliyewalea miaka yote. Halafu mlinzi wa ghala akasikika tena, "Malindo yote, kuna mgeni chaneli ya kwanza. Msijibu. Sijui Mama wamemfanya nini. Nafunga lango, nakuja."

Mkaguzi alikuwa anaandika. Shati la Mjomba lilikuwa limeloa mgongoni. Nikawaza, mlinzi akiacha lindo siku ya ukaguzi, mbele ya mkaguzi, yote yamekwisha: bima, bango, vidole vya Kobe, yote.

Sikumbuki kupita kando ya Mjomba. Nakumbuka Mama aliona uso wangu akanisogezea kiti, nami sikukaa. Nikabonyeza kitufe.

"Ghala, usithubutu kuliacha lango. Niambie unaona nini."

Redio ikakoroma. Kisha akasema, "Mama?"

"Unaona nini, mwanangu?"

"Lori la bluu linashusha magunia. Dereva amevua viatu. Upo salama?"

"Nipo salama. Duka la dawa?"

Wakajibu wote, mmoja baada ya mwingine: rangi, milango, watu, hadi paka aliyelala juu ya boneti. Nilipomaliza niligeuka. Dirishani walikuwa wamejaa zambarau, vichwa vimebanana. Nilimwona Kobe, naye aliniona.

Mkaguzi akauliza, "Msimamizi wa chumba hiki ni nani?"

Nikasema, "Mimi." Ilitoka kwa sauti yangu, ile ndogo, lakini ilitoka. Nikataja jina langu lote.

"Umepimwa alama za vidole?"

"Nilipimwa siku moja na wengine."

Akamgeukia Mjomba, kalamu ya kuelekezea ikamnyooshea Mama. "Na huyu ni nani?"

Mjomba akageukia ramani ya malindo. Mama akachukua mkoba wake na kusema, "Mimi ni mgeni, baba. Nimekuja kunywa chai, na naona hata sukari haijanunuliwa."

Mkaguzi akaishusha kalamu ya kuelekezea. Mwisho akasema, "Mkurugenzi, umekuwa na mtu ndani ya nyumba, ukaenda kuazima wa nje. Siku nyingine ukinionyesha mtu asiye wa kazi hiyo, nitaondoka na bango lako. Leo nimeona malindo yanayokataa sauti ngeni. Hilo sijaliona kampuni nyingine." Akaandika jina langu mwenyewe kwenye fomu. Gwaride likafanyika baadaye, na zamu yangu ilipofika kila mtu uani alikuwa ameshajua kazi yangu, kwa hiyo nilitaja tu jina. Leseni ililetwa jana. Mjomba ameitundika juu ya meza yake, imepinda kidogo, na hataki mtu ainyooshe.

Mama wa Redio alikaa kunywa ile chai. Alicheka mpaka akajifuta macho. "Umeninyang'anya wanangu," aliniambia, "na hata hawakulia." Kisha akanionyesha namna ya kuweka mto nyuma ya kiuno.

Mjomba aliniita pembeni, akaanza sentensi kadhaa. Iliyofika mwisho ni hii: "Kumbe bawaba hazikuwa na tatizo." Ameniajiri kwa mkataba.

Wa mwisho kuja mlangoni alikuwa Kobe.

"Nilikwambia ujifunze kwa Mama wa Redio," akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Nikamsifu njia nzima. Wewe ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Hapo ndipo ulipokosea. Mtu akisifiwa huitikia." Alitazama redio, akanitazama mimi, kama anayepima ukuta kwa jicho. "Kesho nikiita namba mbili, utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi njoo na sauti ile ya kazini. Hii nyingine nipe muda niizoee."

Tangu siku ile nafanya mazoezi ya hiyo nyingine kwa walinzi wa gwaride wanapokuja kusaini. Nasema "habari za kazi," wanajibu. Kila siku naongeza neno moja.

Sasa jambo la mwisho, ndilo hasa lililonifanya niandike haraka. Waliokuwa malindoni siku ile hawakuona dirishani. Wao bado wana Mama. Wale wa gwaride walikaa kikao uani wakaapizana kutowaambia wenzao, na kiongozi wa kikao alikuwa Kobe. Sababu ni mlinzi wa ghala. Alishanieleza ndoa yake yote, Shangazi, hata mambo ambayo nilijifanya redio inakatika. Akijua ni mimi niliyemletea maji, hataweza kuvaa sare tena. Na juzi kwenye namba mbili ameniambia mke wake ni mjamzito, na akizaliwa wa kike watampa jina la Mama. Ananidai hilo jina, nami namwambia subiri.

Yeye ndiye anayekuletea barua hii, akidhani imeandikwa na Mama. Anakuja kwako kupanuliwa suruali kwa mara ya pili. Ni mtu wa maneno mengi, ataketi, atakunywa chai yako, na atakuuliza unamfahamuje Mama wa Redio, ni mtu wa namna gani, ana umri gani, ana watoto wangapi. Bahasha nimeifunga kwa gundi na uzi. Mpime kiuno, mpe kiti, mwambie ni mama mwenye heshima zake na hapendi kutajwatajwa. Usicheke mbele yake. Na tafadhali, Shangazi yangu, kwa yeye na kwa mtu mwingine yeyote, usimwambie.

Wako,
Sindano